Kukata na Kugawanyika: Resonansi na Mkondo wa Chembe

Makala haya yanakusudia kueleza jambo moja la fizikia kwa Kiswahili, na kuonyesha kwamba tofauti baina ya mbinu mbili za kitaalamu yaweza kubebwa na viambishi vya kitenzi chetu.

Mahali penyewe ni CERN, kituo cha utafiti kilichoko karibu na Geneva, mpakani mwa Uswisi na Ufaransa. Humo mna mitambo ya mviringo ambamo protoni huzungushwa na kuongezwa kasi, zikiongozwa na sumaku. Mmojawapo, Proton Synchrotron, ulianza kazi mwaka 1959, na mzingo wake ni mita 628. Mtambo huo hulisha mwingine, Super Proton Synchrotron, ambao mzingo wake ni mara 11 ya huo. Mkondo wa protoni ukitolewa wote kwa mzunguko mmoja, utajaza sehemu moja tu kati ya 11. Kwa hiyo, kwa majaribio ambayo protoni hugongeshwa kwenye shabaha tuli, mkondo hutolewa kwa vipande vitano vinavyofuatana, kimoja kwa kila mzunguko. Kazi hiyo ikifanywa mara mbili, sehemu 10 hujaa.

Mbinu ya awali, iliyobuniwa katika miaka ya 1970, ilikuwa ya kukata. Mkondo ulisogezwa kwenye bamba jembamba la metali, na kila mzunguko ukamegwa upande mmoja. Chembe zilizokutana na ukingo wa bamba ziligonga metali zikapotea. Hasara hiyo si ya hesabu tu, kwani chembe zinazopotea huzifanya sehemu za mtambo zitoe mionzi yenye madhara, hata mafundi wakalazimika kungoja kabla ya kuzigusa.

Mwaka 2002 Roberto Cappi na Massimo Giovannozzi walichapisha pendekezo la mbinu nyingine, ambayo msingi wake ni resonansi. Mtoto aliye kwenye bembea akisukumwa kidogo, lakini kila mara kwa wakati ufaao, hupanda juu zaidi na zaidi. Protoni nayo huyumba huku na huku kandokando ya njia yake. Ikiyumba mara 6.25 kwa kila mzunguko, basi baada ya mizunguko minne hutimiza mayumbo 25 kamili na kurudia hali yake ya kwanza. Hapo msukumo mdogo wa sumaku huikuta katika hali ile ile kila baada ya mizunguko minne, na athari yake hujumlika.

Kwa kawaida wahandisi huikwepa hali hii, maana huweza kuutawanya mkondo. Lakini sumaku za ncha sita na za ncha nane huifanya idadi ya mayumbo ibadilike kadiri chembe inavyoyumba zaidi. Hivyo msukumo hupoteza wakati wake, na chembe hunaswa badala ya kutupwa nje. Tukichora mahali pa kila chembe na mwelekeo wake, tutaona visiwa vinne vikizunguka kiini. Wataalamu huipitisha idadi ya mayumbo kwenye 6.25 taratibu, visiwa vikajaa chembe, kisha vikatengwa. Visiwa vinne na kiini ni vipande vitano, na bamba hukaa penye nafasi tupu kati yake. Mbinu hii ilianza kutumiwa rasmi mwaka 2015. Upotevu haukwisha kabisa: sumaku za kutolea mkondo zinapopanda nguvu, chembe kiasi bado huangukia bamba, na ndiyo sababu bamba la kinga liliongezwa.

Sasa tuutazame msamiati. Katika mbinu ya kwanza mkondo *hukatwa*: kauli ya kutendwa yadai mtenda na chombo chake, nacho ni bamba. Katika ya pili mkondo *hugawanyika*: binadamu hutayarisha mazingira, na kauli ya kutendeka yaeleza hali inayotokea ndani ya mkondo wenyewe. Mwandishi atakayeandika "hukatwa" pote pawili atakuwa amekosea fizikia, wala si sarufi.

Kuhusu resonansi, wapo watakaopendekeza *mwangwi*. Lakini mwangwi ni sauti irudiyo, na bembea hairudishi sauti yoyote. Afadhali neno la kukopa lililo wazi kuliko la asili linalopotosha. Wanaounda istilahi hawana budi kuielewa kazi ya kitu kwanza, ndipo wakipe jina.