Babu Hakugongwa Kichwani, Mbona Kichwa Kinamsumbua?

Ukifika kwetu Mpanda ukamkuta babu yangu barazani, msalimie ukiwa mbele yake. Ukimtokea kwa nyuma atashtuka, na nyumba nzima itajua. Babu alikwenda vita vya Kagera akiwa kijana, kwenye kikosi cha mizinga, na akarudi na viungo vyake vyote, hana hata kovu. Lakini bibi anasema aliyerudi siye aliyeondoka. Kichwa kinamuuma, usiku halali, hasira ziko karibu, na jambo mliloongea asubuhi jioni analiuliza upya. Mtaani kila mtu ana jibu lake: wengine wanasema pombe, wengine wanasema karogwa, wengine wanasema "vita tu hiyo."

Nilipoanza shahada ya uzamili mambo ya ubongo, nami nilikuwa upande wa "vita tu hiyo". Nilidhani alipigwa na kitu akasahau. Siku moja nikamuuliza, "Babu, bomu liliwahi kukuangukia karibu?" Akanitazama kama nimeuliza ujinga. "Hapana. Sisi ndio tulikuwa tunapiga."

Jibu hilo ndilo lililonifanya niandike makala hii. Kwa miaka mingi dunia nzima ilikuwa inauliza swali nililouliza mimi: ulipigwa? Swali lililotakiwa kuulizwa ni lingine: ulikuwa karibu na milipuko mingapi, hata ile ya kwako mwenyewe?

Mlipuko unafanya nini hasa?

Turudi kidogo kwenye fizikia ya sekondari. Hewa inayotuzunguka ina kanieneo ya takriban kilopaskali 101 pale usawa wa bahari. Hatuihisi kwa sababu inatubana pande zote na tumeizoea.

Baruti inapolipuka, kitu kigumu kinageuka gesi ya moto sana kwa muda mfupi kuliko kupepesa jicho. Gesi hiyo inataka nafasi. Inasukuma hewa ya jirani, nayo inasukuma inayofuata, na ukuta wa hewa iliyobanwa unaondoka kwa kasi kupita ya sauti. Hilo ndilo wimbi la mlipuko. Likikupitia, kanieneo inapanda ghafla, inashuka chini ya kawaida, halafu inatulia. Yote hayo yanaisha hata hujamaliza kusema "mama".

Mzinga nao ni mlipuko, tofauti ni kwamba umefungwa kwenye bomba. Kombora likitoka mdomoni mwa mzinga, gesi inatoka nalo, na wimbi linasambaa pande zote, pamoja na upande waliko wapigaji. Adui analipata mara moja, kama kombora limempata. Anayepiga analipata kila anapofyatua.

Jeshi la Marekani linatumia psi 4, yaani kama kilopaskali 28, kuwa kiwango cha tahadhari. Hiyo ni zaidi kidogo ya robo ya kanieneo ya kawaida. Sasa angalia: ngoma ya sikio huanza kupasuka kwenye kilopaskali 35 hivi. Kwa hiyo mtu anaweza kuvuka kiwango cha tahadhari na masikio yakabaki mazima. Tena hicho si kiwango cha "chini ya hapa uko salama". Ni pa kuanzia tu.

Fuvu si linakinga?

Fuvu linakinga dhidi ya jiwe na rungu. Wimbi la kanieneo linapita.

Ubongo ni laini, karibu na maziwa mgando yaliyokamata vizuri, na hauko sawasawa kote. Kuna tabaka la kijivu lenye miili ya seli, kuna sehemu nyeupe iliyojaa nyuzi za mawasiliano, kuna mishipa ya damu, na kuna vyumba vya maji katikati. Kila kimoja kina uzito wake, na wimbi likipita kila kimoja kinatikisika kivyake.

Fikiria basi lenye mzigo kwenye keria, linapita barabara yenye rasta. Basi linaruka hivi, mzigo unaruka vile. Kinachoanza kukatika si basi wala mzigo, ni kamba inayoviunganisha. Rasta moja haikati kamba. Kilomita mia za rasta zinaikata. Kwenye ubongo, "kamba" ni pale kitu cha aina moja kinapokutana na cha aina nyingine: kijivu na nyeupe, nyama na mshipa, nyama na maji.

Wanasayansi waliona nini?

Jambo lenyewe si geni. Mwaka 1915, katikati ya Vita vya Kwanza vya Dunia, daktari wa Uingereza Charles Myers aliandika kwenye jarida la The Lancet kuhusu askari waliopoteza kumbukumbu na hata uwezo wa kuona baada ya makombora kulipuka karibu nao. Kwa muda mrefu baadaye ubishi ulikuwa uleule: ubongo umeumia, au mtu ameogopa tu?

Miaka 101 baadaye, 2016, kundi la Daniel Perl huko Marekani lilichapisha utafiti katika The Lancet Neurology. Walikata na kukagua kwa darubini ubongo wa wanajeshi waliofariki, wanane kwa jumla. Watano walikutana na milipuko na kuishi muda mrefu baadaye, watatu walifariki siku au wiki chache baada ya mlipuko. Katika wale watano walikuta makovu yaliyotengenezwa na astrosaiti, seli ambazo kazi yake moja ni kuziba jeraha. Makovu hayo yalikuwa wapi? Kwenye mipaka: kuzunguka mishipa ya damu, pembeni mwa vyumba vya maji, na pale kijivu inapokutana na nyeupe. Yaani kwenye kamba zetu. Raia waliogongwa kichwa kwa ajali za kawaida hawakuwa na mpangilio huo.

Watu wanane ni wachache, hilo tukubaliane. Lakini ushahidi uliendelea kuja. Mwaka 2023 gazeti la New York Times liliandika kuhusu wapiga mizinga wa Marekani waliopigana na kundi la Islamic State. Baadhi ya vikosi vilirusha zaidi ya makombora 10,000 kwa miezi michache. Wengi wao hawakuwahi kumwona adui kwa macho, lakini walirudi na maumivu ya kichwa, ndoto za kutisha, kumbukumbu kupotea, wengine wakisikia sauti. Nilipoisoma ile habari nilimkumbuka babu pale barazani.

Mwaka 2024 utafiti uliochapishwa katika PNAS uliwapima wanajeshi 30 wa vikosi maalumu vya Marekani wakiwa hai na bado kazini. Waliokutana na milipuko mingi zaidi walikuwa na mabadiliko kwenye sehemu ya mbele ya ubongo inayohusika na kutawala hisia na mawazo, na maisha yao ya kila siku yalikuwa magumu zaidi.

Mbona hospitali wanasema hauna kitu?

Kwa sababu makovu haya ni madogo sana. Picha ya CT inaonyesha damu iliyovuja, mfupa uliovunjika, uvimbe. MRI ya kawaida inaona zaidi, lakini kovu la seli chache kuzunguka mshipa mwembamba linapita bila kuonekana. Perl aliyaona kwa darubini, kwa watu waliokwisha kufa. Kwa hiyo "picha ni safi" maana yake ni kwamba kipimo hakikuona kitu. Haina maana kwamba mgonjwa anajifanya.

Pia dalili zinafanana na za mambo mengine: PTSD, sonona, pombe, uzee. Na hazichagui moja. Mtu anaweza kuwa na kiwewe cha vita na makovu kwa pamoja, halafu akanywa ili apate usingizi. Kwa babu yangu siwezi kukuambia asilimia ngapi ni mizinga na asilimia ngapi ni yale aliyoyaona njiani hadi Kampala ilipoanguka Aprili 1979. Ninachoweza kusema ni kwamba "pombe tu" na "karogwa" ni majibu ya haraka mno.

Si wazee wa Kagera peke yao

Vijana wetu wa JWTZ walikuwa Congo kwenye brigedi ya Umoja wa Mataifa iliyoundwa mwaka 2013 kupambana na vikundi vya waasi, nayo ilikuwa na mizinga. Na mizinga haipigwi vitani tu. Mwalimu wa silaha nzito anakaa karibu na milipuko kila kozi inapoanza, mwaka baada ya mwaka, na nchi ina amani.

Halafu kuna hapa nyumbani Katavi. Nenda Ibindi, Singililwa au Dirifu kwenye machimbo ya dhahabu. Kaka yangu, mtoto wa mama mkubwa, ni mtu wa baruti huko. Nilipomweleza haya alicheka: "Mbona sisi tunalipua kila siku na hatujambo?"

Tukapiga hesabu pamoja. Milipuko miwili kwa siku, siku tano kwa wiki, ni milipuko 520 kwa mwaka. Sijasema kila mmoja unafika psi 4; umbali ndio unaoamua, na wimbi likiwa mahali pa wazi linapungua nguvu haraka sana kadiri unavyosogea mbali. Tatizo ni kwamba duara si mahali pa wazi. Ni bomba. Kwenye bomba wimbi halina pa kusambaa, linagonga ukuta na kurudi, linabaki na nguvu kwa masafa marefu, kisha linatokea mdomoni. Anayechungulia mdomoni mwa duara kuona kama baruti imekubali amekaa palepale kama aliyesimama mbele ya mzinga.

Hakucheka tena. Akasema wao huwa wanajificha kwenye kona ya pembeni, hukohuko chini. Nikamwambia kona inazuia mawe, wimbi linapinda kona.

Basi tufanye nini?

Kwa anayelipua: panda juu, toka nje, kaa mbali na pembeni ya mdomo wa duara, na wasiohusika wasiwepo. Sheria ya Baruti ya mwaka 1963 inataka anayelipua awe na cheti, na mafunzo hayo si ya kumridhisha mkaguzi tu. Vaa kinga ya masikio, lakini jua inalinda masikio, si ubongo. Ukipata kizunguzungu, kichefuchefu au kichwa kuuma baada ya mlipuko, usilipue tena siku hiyo. Ubongo ambao haujapona ukipigwa tena unaumia zaidi. Na andika idadi, hata kwenye daftari la shule.

Kwa jeshi: Agosti 2024 Wizara ya Ulinzi ya Marekani iliagiza vikosi vyake kufuatilia milipuko na kupima uwezo wa kufikiri wa askari mapema, ili baadaye kuwe na cha kulinganisha. Karatasi na kalamu zinatosha kuanza.

Kwa familia: dawa ya kufuta makovu haipo. Lakini usingizi unatibika, maumivu ya kichwa yanatibika, sonona inatibika, masikio yanapimwa. Mnapompeleka mzee au kijana hospitali, msisubiri kuulizwa "aliwahi kuzimia?" maana jibu litakuwa hapana, na mazungumzo yataishia hapo. Anzeni nyie kwa kusema alikuwa mpiga mizinga, au ni mlipuaji, kwa miaka mingapi.

Likizo iliyopita nilimsindikiza babu kliniki. Nilitamka sentensi hiyo kabla hatujakaa. Daktari aliweka kalamu chini, akamgeukia babu, akasema, "Mzee, hebu nieleze kuhusu hiyo mizinga." Babu aliongea nusu saa. Njiani kurudi nyumbani bibi aliniambia kwamba mengine alikuwa anayasikia kwa mara ya kwanza.