Muziki Usikuzibe Masikio

Vijana wengi wa Meru na Embu hupenda kusikiliza mugithi, injili au gengetone kwa vipokea sauti vya masikioni. Si vibaya. Taabu huanza mtu anapopandisha sauti ili ashinde kelele za matatu, toka Embu hadi Meru.

Ndani ya sikio mna seli zenye vinyweleo vinavyopokea mtikisiko wa sauti. Zikifa hazioti tena. Kulingana na Shirika la Afya Duniani (WHO), sauti ya desibeli 80 yaweza kusikilizwa saa 40 kwa wiki. Ikifika 90, saa 4 tu. Basi usivuke asilimia 60 ya sauti ya simu yako.

Je, masikio huvuma ukishavitoa? Hilo ni onyo. Mvumo usipokoma, mwone daktari, wala usitie mafuta moto sikioni.