Kabla binti hajapanda basi kwenda mjini: maswali ambayo mzazi asione aibu kuyauliza

Kila Desemba stendi ya Same hufurika watu. Wapare wanaoishi Dar es Salaam, Arusha na Tanga hurudi nyumbani kusherehekea sikukuu, na magari ya kwenda Suji, Chome, Mamba na Gonja hupanda mlima yakiwa yamesheheni. Januari magari hayohayo hushuka. Katikati ya mabegi na magunia ya tangawizi, safari hii huwamo pia msichana wa miaka 13 au 14 ambaye ndiyo kwanza amemaliza darasa la saba. Ukimuuliza aendako, atasema anakwenda mjini kwa shangazi.

Mara nyingi ni shangazi kweli, na mtoto hulelewa vizuri na kusomeshwa. Kulelewa na ndugu ni jambo la kawaida Upareni, na wapo wengi waliopata elimu kwa njia hiyo. Tatizo ni kwamba mtu anayetafuta mtumishi wa bure hupita njia hiyohiyo. Haji usiku na gari lenye vioo vyeusi. Huja mchana, akiwa na sukari na kanga ya mama, na hujulikana kwa jina. Wahenga walisema kikulacho ki nguoni mwako.

Sheria inasemaje?

Wazazi wengi hudhani usafirishaji haramu wa binadamu ni mpaka mtu avushwe mpaka wa nchi. Sivyo. Kwa mujibu wa Sheria ya Kuzuia Usafirishaji Haramu wa Binadamu ya mwaka 2008, kinachoangaliwa ni kumchukua, kumsafirisha au kumpokea mtu kwa lengo la kumnyonya, iwe kwa kazi za kulazimishwa au kwa ngono. Kumtoa mtoto kijijini Same na kumpeleka Dar es Salaam kwa lengo hilo kunatosha. Kusema "mwenyewe alikubali" si utetezi, na aliyeathirika akiwa mtoto kosa huhesabiwa kuwa zito zaidi.

Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inamtambua mtoto kuwa ni yeyote aliye chini ya miaka 18. Umri wa chini wa kuajiriwa ni miaka 14, tena kwa kazi nyepesi isiyodhuru afya wala masomo yake. Kumfanyisha mtoto kazi kati ya saa 2 usiku na saa 12 asubuhi ni marufuku. Binti anayeamka saa 10 alfajiri kufua na kulala saa 6 usiku baada ya kuosha vyombo hafundishwi kazi za nyumbani. Ananyonywa.

Miezi ya hatari

Mtihani wa darasa la saba hufanyika Septemba, na kidato cha kwanza huanza Januari. Katika miezi hiyo binti yuko nyumbani, na hapo ndipo ahadi za mjini humkuta. Tangu 2016 sekondari za serikali hazitozi ada hadi kidato cha nne, lakini sare, madaftari na chakula bado huwalemea wazazi wengi. Kabla ya kukata tamaa, mzazi azungumze na mkuu wa shule, mtendaji wa kijiji na afisa ustawi wa jamii. Kaya iliyo kwenye mpango wa TASAF nayo ina pa kuanzia.

Maswali ya kuuliza

Anayemtaka binti yako kwa nia njema hatakasirika ukimuuliza:

- Nyumba iko mtaa gani, na mwenyekiti wa mtaa huo ni nani?
- Atasoma shule ipi? Je, barua ya uhamisho au ya kujiunga iko wapi?
- Ikiwa ni kazi na umri wake unaruhusu, mshahara ni kiasi gani na atalipwa nani?
- Atalala wapi, na nani wengine wanaishi humo?
- Tutazungumza naye siku gani, bila mtu kusimama pembeni?

Mzazi amtaarifu mtendaji wa kijiji kuhusu safari hiyo na aweke nakala ya kitambulisho cha mwenyeji. Binti akariri namba mbili za simu kichwani, maana simu inaweza kunyang'anywa. Apewe pia nauli ya kurudi, aifiche. Tena wakubaliane maneno ya siri. Akipiga na kuuliza habari za mbuzi ambaye hamna, mama atajua mambo si mazuri.

Mabinti waliokwishafikisha miaka 18 nao wanahitaji tahadhari, hasa wanaoahidiwa kazi Uarabuni. Mwaka 2017 shirika la Human Rights Watch lilitoa ripoti baada ya kuzungumza na wanawake 50 wa Tanzania waliofanya kazi za ndani Oman na Falme za Kiarabu. Wengi walinyang'anywa pasipoti, na wapo waliofanyishwa kazi saa nyingi bila kulipwa ujira waliokubaliana. Wakala halali ana leseni na hutoa mkataba kabla ya safari, si baada ya kufika.

Ukihisi mambo si sawa

Simu hupokelewa na bosi kila mara. Binti anajibu kwa mkato. Mshahara "unatunzwa". Hizo ni dalili. Piga 116, namba ya bure ya kusaidia watoto, au nenda Dawati la Jinsia na Watoto kwenye kituo cha polisi. Huna haja ya kusubiri ushahidi, na si lazima uwe mzazi. Jirani wa mjini anayemwona mtoto haendi shule anaweza kupiga namba hiyohiyo.

Ikiwa binti amebakwa, afikishwe hospitali haraka, ndani ya saa 72. Ndani ya muda huo anaweza kupewa dawa za kuzuia maambukizi ya VVU, na pia ya kuzuia mimba. Asioge wala kufua nguo alizovaa kabla ya kuonwa na daktari.

Akirudi

Wapo wanaovumilia mateso kwa sababu wanaogopa kurudi mikono mitupu. Wanajua swali la kwanza litakuwa: umeleta nini? Mzazi aliyempata mwanawe ampe chakula, amwache alale, kisha amsikilize bila kumkatisha. Akiwa hapati usingizi, anashtuka au hataki kuwa karibu na watu, si ukaidi. Aonane na mhudumu wa afya au afisa ustawi wa jamii.

Shule nayo haijafungwa. Tangu mwishoni mwa 2021, serikali inaruhusu wanafunzi walioacha masomo kwa sababu mbalimbali, ikiwemo mimba, kurudi darasani.

Yote haya binti ayasikie kabla ya safari. Siku anapofungasha begi, mama amwambie waziwazi: "Mwanangu, ukiona huko hakufai, rudi. Hakuna atakayekuuliza umeleta nini."