Rangi ya jiko Lowarengak: Tazama moshi, jua na chumvi kabla ya kununua mkebe

MWENYE nyumba anayekarabati jiko aghalabu huliacha suala la rangi hadi mwisho. Fundi akishamaliza kupiga plasta na kuweka sakafu, ndipo mkebe unanunuliwa, mara nyingi kwa kutazama picha iliyobandikwa dukani. Katika mji wa Lowarengak, ufuoni mwa Ziwa Turkana upande wa kaskazini magharibi, mazoea hayo huweza kuleta hasara.

Rangi na saruji husafirishwa mwendo mrefu hadi huko, na mvua inaponyesha mito ya msimu huikata barabara ya kutoka Lodwar, makao makuu ya Kaunti ya Turkana. Rangi ikibambuka baada ya miezi michache, gharama ya kurudia kazi si ya mkebe tu. Kuna nauli, ujira wa fundi na siku ambazo familia haina mahali pa kupikia.

Kwa sababu hiyo, swali la kwanza lisiwe ni rangi gani inayopendeza. Swali liwe ni kitu gani kitakachoushambulia ukuta. Katika eneo hili majibu ni manne: moshi, jua, chumvi na vumbi.

Moshi kwanza

Katika maboma ya jadi ya Waturkana, vibanda hujengwa kwa fito na kufunikwa kwa makuti ya mkoma. Moshi wa mafiga matatu hupata njia ya kutokea katikati ya makuti. Familia inapohamia nyumba ya matofali na mabati lakini ikaendelea kupikia kuni au makaa ndani, mianya hiyo haipo tena. Masizi hujikusanya ukutani, darini na, lililo baya zaidi, kifuani mwa mpishi na watoto wanaokaa karibu naye.

Shirika la Afya Duniani (WHO) linakadiria kwamba moshi na hewa chafu ya majumbani vilisababisha vifo milioni 3.2 duniani mwaka 2020, vikiwemo vya watoto zaidi ya 237,000 walio chini ya umri wa miaka mitano. Hakuna rangi inayoweza kuondoa hatari hiyo. Jiko linalopakwa rangi nyeupe bila kufunguliwa njia ya moshi litageuka jeusi tena, na afya ya wapishi itabaki palepale.

Ukarabati basi uanze na matundu. Upepo unaovuma zaidi katika bonde la Turkana hutoka kusini mashariki, ukipita kati ya nyanda za juu za Kenya na za Ethiopia. Dirisha la chini likielekezwa upande wa upepo, na tundu pana likaachwa juu karibu na paa upande wa pili, hewa itaingia kwa chini na kuusukuma moshi nje. Palipo na uwezo, dohani ya bati au ya matofali juu ya meko hufanya kazi hiyo vizuri zaidi. Hata hivyo, kila kiwanja kina kizuizi chake, kama vile ua, mti au nyumba ya jirani, hivyo inafaa kutazama moshi unaelekea wapi kwa siku kadhaa kabla ya kuvunja ukuta.

Ukuta uliokwisha kushika masizi haupakwi rangi papo hapo. Rangi ya maji ikipakwa juu ya masizi, madoa ya kahawia hujitokeza tena hata baada ya tabaka tatu. Dawa yake ni kuusugua ukuta kwa sabuni na maji ya moto, kuuacha ukauke, kisha kupaka tabaka moja la rangi ya awali ya mafuta, ambayo huyafungia madoa ndani. Rangi ya maji hufuata juu yake.

Mwangaza bila kuumiza macho

Joto la mchana katika Turkana mara nyingi huzidi nyuzi 35 za selisiasi. Rangi nyeupe hurudisha sehemu kubwa ya mwanga wa jua, wakati rangi nyeusi hurudisha kidogo mno na kuufyonza uliobaki kama joto. Faida hii huonekana zaidi nje ya nyumba kuliko ndani. Mwenye fedha za mkebe mmoja tu wa rangi nyeupe atapunguza joto la jiko zaidi akiipaka juu ya mabati ya paa kuliko akiipaka kuta za ndani.

Ndani ya jiko, kazi kubwa ya rangi ni mwangaza. Kuta za rangi hafifu husambaza mwanga wa dirisha dogo au wa taa moja ya sola hadi pembeni, na mpishi huona vyema anachokata au anachochambua. Lakini nyeupe tupu ina kasoro mbili. Jua kali linapoingia mlangoni, ukuta wa namna hiyo huumiza macho, hasa ukiwa umepakwa rangi inayong'aa. Pili, vumbi la Turkana lina rangi ya mchanga na huonekana upesi juu ya weupe. Rangi ya maziwa, ya samli au ya mchanga hutoa mwangaza unaokaribia ule wa nyeupe huku ikificha vumbi la siku mbili tatu.

Rangi nzito kama kijani cha majani, samawati iliyokolea au nyekundu si lazima ziepukwe kabisa. Zinafaa mlangoni, kwenye fremu za madirisha au kwenye rafu, mahali ambapo hazinyimi chumba mwanga. Rangi hubadilika kulingana na mwanga, kwa hiyo ni busara kupaka kipande kidogo kwenye kuta mbili na kukitazama asubuhi, adhuhuri na usiku taa ikiwaka, kabla ya kununua mikebe iliyosalia.

Mng'ao uwe mahali pake

Wengi hufikiri juu ya rangi na kusahau aina ya umaliziaji. Rangi ya mafuta inayong'aa husafishika kwa kitambaa chenye sabuni. Rangi ya maji isiyong'aa huficha mabonde ya plasta, lakini hunywa mafuta na kushika harufu. Katika mji wa wavuvi, ambako ngege na mbuta hupaliwa magamba, hukaangwa na kukaushwa, tofauti hiyo ni kubwa.

Suluhisho ni utaratibu ambao Wakenya wengi wameuona shuleni na hospitalini: ukanda wa chini wa ukuta, kutoka sakafuni hadi urefu wa mita moja na nusu hivi, hupakwa rangi ya mafuta yenye kiza kidogo, kama kahawia hafifu au kijivu. Ukanda huo ndio unaopokea mafuta, maji ya samaki na mikono ya watoto. Sehemu ya juu hupakwa rangi ya maji iliyo hafifu. Kwa njia hii rangi ya mafuta, ambayo ni ghali zaidi, hutumika pale inapohitajika tu.

Ukuta ulio nyuma ya meko usipakwe rangi ya mafuta kabisa. Joto huitia malengelenge, nayo huweza kushika moto. Plasta tupu, matofali ya kuchoma au chokaa vinatosha.

Sakafuni, saruji iliyochanganywa na unga mwekundu na kusuguliwa kwa nta hupendeza, lakini inapomwagikiwa na mafuta ya samaki huwa kama barafu. Saruji iliyosawazishwa kwa mwiko bila kung'arishwa mno ni salama zaidi. Anayetaka vigae achague vyenye uso wa kukwaruza, na aagize vya ziada kwa kuwa baadhi huvunjika njiani.

Chumvi isiyoonekana

Ziwa Turkana halina mto unaotoka ndani yake. Maji yanayoingia, mengi yakiletwa na Mto Omo kutoka Ethiopia, huondoka kwa kuvukizwa na jua na kuacha chumvi. Saruji ikikorogwa kwa maji ya ziwa, au plasta ikipigwa kwa mchanga wa ufuoni usiooshwa, chumvi hiyo huingia ukutani. Ukuta unapokauka, hujitokeza kama unga mweupe na kuisukuma rangi mpaka ibambuke. Vyuma vilivyo ndani ya zege navyo huliwa na kutu.

Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta, na hapa methali hiyo ni kweli kwa maana yake ya wazi. Plasta yenye chumvi ibanduliwe, ukuta upigwe brashi kavu, kisha plasta mpya ikorogwe kwa maji yasiyo na chumvi na mchanga wa mtoni. Plasta hiyo iachwe takriban wiki nne kabla ya kupakwa rangi ya mafuta, kwa sababu magadi ya saruji mbichi huigeuza rangi hiyo kuwa laini kama sabuni.

Mwaka 2021 serikali ya Kenya ilichapisha ripoti kuhusu kupanda kwa maji ya maziwa ya Bonde la Ufa, Turkana likiwemo. Kwa nyumba zilizo karibu na ufuo ambazo kuta zake hufyonza unyevu kutoka chini, chokaa ni bora kuliko rangi ya mafuta, maana huuruhusu unyevu kutoka. Tangu kale chokaa imetumiwa katika nyumba za mawe za pwani, kama zile za Lamu. Bei yake ni nafuu na huzuia ukungu. Anayeipaka akinge macho na ngozi, kwani huunguza.

Chokaa hufaa pia kwa nyumba za matofali ya udongo kama zilizo nyingi Kakuma, takriban kilomita 120 kutoka Lodwar, ambako kambi ya wakimbizi ilianzishwa mwaka 1992. Ukuta wa udongo ukifunikwa kwa rangi ya mafuta hubanduka pamoja na kipande cha udongo chenyewe.

Risasi ndani ya mkebe

Jambo la mwisho haliwezi kuonekana kwa macho. Baadhi ya rangi za mafuta, hasa za manjano, machungwa na nyekundu zilizokolea, zimewahi kutengenezwa kwa madini ya risasi. WHO inasema hakuna kiwango cha risasi kinachojulikana kuwa salama, na watoto ndio wanaodhurika zaidi, hasa ubongo. Kenya imeweka kikomo cha sehemu 90 kwa milioni. Mnunuzi atafute alama ya ubora kwenye mkebe na kukataa rangi iliyohamishiwa katika chombo kisicho na maandishi. Rangi ya zamani isikwanguliwe ikiwa kavu. Inyunyiziwe maji kwanza, watoto na vyakula vikiwa nje.

Kwa mwenye fedha kidogo, utaratibu ni huu: afungue njia ya moshi, aondoe plasta yenye chumvi, apake ukanda wa chini rangi ya mafuta, kisha sehemu iliyosalia aipake chokaa. Kazi ya rangi ifanywe alfajiri au jioni, kwa kuwa ukuta wenye joto la adhuhuri huikausha rangi kabla haijashika. Rangi ya mlango, ile inayomfurahisha mwenye nyumba kuliko zote, inaweza kusubiri hadi safari ijayo ya Lodwar.