Nyatiti Alipofika London

"Mjomba, yule mtu anayepiga piano peke yake, ukumbi mzima umenyamaza unamsikiliza, huku kwetu tuna mtu wa namna hiyo?"

Ehe! Swali zuri hilo, mwanangu. Sogea hapa nikusimulie.

Tulikuwa naye. Aliitwa Ayub Ogada. Ila yeye hakupiga piano. Alipiga nyatiti.

"Nyatiti ndiye nani?"

Wewe ni mtoto wa Isebania, iritungu ya wazee wa Kikuria unaijua. Basi nyatiti ni ndugu yake, wa upande wa Wajaluo. Iritungu ni kubwa, sauti yake nzito, inanguruma. Nyatiti ni mdogo. Wote wawili wana nyuzi nane. Tumwache ajieleze mwenyewe.

"Mimi ni nyatiti. Tumbo langu ni gogo lililochongwa likabaki wazi ndani, kisha likawambwa ngozi ya ng'ombe. Zamani nyuzi zangu zilikuwa kano za ng'ombe. Siku hizi ni nailoni, ile ile ya kuvulia samaki ziwani."

"Mbona tumbo liwe tupu?"

"Umewahi kuinamia mtungi mtupu ukasema huuu? Sauti hutoka kubwa kuliko ulivyoitia. Na mimi ni hivyo hivyo. Uzi peke yake hulia kidogo tu. Ukitikisa ngozi na tumbo, unasikika uwanja mzima."

"Na anayekupiga hufanyaje?"

"Huketi kwenye kigoda. Mkono wa kushoto una nyuzi nne, wa kulia nne. Kwenye kidole gumba cha mguu huvaa pete ya chuma, akanigonga nayo: ko, ko, ko. Mguuni hufunga njuga: chaka, chaka. Na papo hapo anaimba!"

Mtu mmoja huyo, mwanangu. Mtu mmoja! Mpiga piano ana vibao 88 vya kuchagua. Huyu ana nyuzi nane, na hizo hizo nane lazima ziutoshe wimbo. Mimi nikimkuta mpigaji hodari, macho yangu huenda kwanza kwenye kidole cha mguu. Kidole kikiteleza, wimbo wote unayumba.

Sasa turudi kwa Ayub. Alizaliwa Mombasa mwaka 1956, na jina lake la kwanza lilikuwa Job Seda. Wazazi wake walikuwa wanamuziki. Akiwa bado mdogo walikwenda naye Marekani, wakawa wanapiga muziki wa Kijaluo mbele ya wanafunzi wa vyuo. Mwaka 1979 alikuwa Nairobi, mmoja wa walioanzisha African Heritage Band. Mwaka 1986 akafunga safari kwenda Uingereza, na nyatiti wake.

"Akapiga kwenye jumba kubwa?"

Hapana. Alishuka chini ya ardhi.

London kuna treni zinazopita chini ya ardhi, na stesheni zake nyingi ziko huko huko chini. Watu wanakwenda mbio, kila mmoja anawahi treni yake. Ayub akaketi pale, akapiga kwa sarafu za wapita njia.

"Hakuona haya?"

Umeuliza kwa huruma, na huruma ni kitu kizuri. Lakini aibu iko wapi? Ile ni kazi, tena kazi ngumu. Ukumbini watu wamekata tiketi, wamekuja kwa ajili yako. Stesheni hakuna aliyekuja kwa ajili yako. Anayekimbia utamsimamisha kwa vidole vyako tu.

"Kwangu mimi ilikuwa sawa," asema nyatiti. "Nyuzi ni zile zile nane."

Mwaka 1988 Ayub alipiga kwenye tamasha la WOMAD, huko Cornwall. Mwaka 1993 kampuni ya Real World, ya mwanamuziki Peter Gabriel, ikatoa albamu yake, En Mana Kuoyo. Humo mna wimbo Kothbiro, yaani mvua inakuja. Mwaka 2005 wimbo huo ukasikika katika filamu The Constant Gardener, iliyopigwa hapa hapa Kenya, na watu wa nchi nyingi wakausikia.

"Lakini wao hawajui Kijaluo!"

Hapo umenifurahisha sana. Sikiliza. Nyatiti hurudia. Hurudia, kisha hurudia tena. Mwanzoni sikio linafuata kila uzi. Baadaye linatulia, linangoja tu sauti ya mwimbaji iingie. Na Ayub hakuwa na haraka ya kuingia. Sauti yake ilikuja polepole, bila kupaza. Hayo yote huyasikia hata asiyejua neno moja.

Mwaka 2007 alirudi Kenya, na Februari 2019 akafariki dunia.

"Mjomba, mimi msichana naweza kujifunza?"

Zamani nyatiti alikuwa wa wanaume tu. Kisha akaja msichana kutoka Japani, Eriko Mukoyama. Alikwenda Siaya, akafundishwa na mzee Okumu K'Orengo, akapewa jina la Anyango. Sasa jina hilo ndilo analopandia jukwaani.

Kwa hiyo jibu langu ni ndiyo. Ila wewe tuanze na iritungu, maana wapigaji wake ni jirani zetu, hapa na ng'ambo ya mpaka. Kesho nitamwuliza mzee mmoja kama anapokea watoto.