Mabua Yameoza, Kiriba Kipo

Mkulima wa Hasamba, wilayani Mbozi, akishavuna mahindi huyaacha mabua shambani. Mvua zikianza, kuvu na bakteria huyavamia, na baada ya msimu mmoja au miwili yamekuwa mboji. Lakini jembe likifukua kiriba kilicholelea mche wa kahawa miaka ile, kinatoka karibu kizima, mfinyanzi umejaa ndani.

Kiriba ni polithini, ndugu wa rambo lililopigwa marufuku nchini Juni 1, 2019. Vifungashio vya kilimo vilisamehewa. Atomi zake za kaboni zimeshikana zenyewe kwa zenyewe, mnyororo mrefu usio na pingili dhaifu ambapo kimeng'enya cha bakteria kingepata pa kuuma.

Chupa ya maji imeumbwa vingine. Plastiki yake, PET, imeungwa kwa viungo vya esta, na viungo vya namna hiyo vimo pia katika utando unaokinga jani la mhindi au la mkahawa. Vijidudu vya udongoni vimeukata utando huo tangu kale, kabla plastiki haijatengenezwa. Mwaka 2012 watafiti wa Osaka, Japani, walieleza kimeng'enya kilichotokana na mboji ya majani na matawi; kumbe kinakata na PET. Wafaransa wa kampuni ya Carbios na wanasayansi wa Toulouse wakakiboresha, na mwaka 2020 wakaonyesha kwamba kinavunja asilimia 90 ya PET kwa saa 10. Kinachopatikana ni malighafi ya chupa mpya. Kila nikikumbuka kwamba mkasi huu umetoka katika lundo la majani yaliyooza, nayatazama mabua kwa heshima.

Ila plastiki hiyo ilisagwa kwanza, na joto likawa nyuzi 72. Udongo wa Mbozi haufiki huko. Chupa inayotupwa kando ya barabara ya Tunduma haitakutana na kimeng'enya hicho mpaka mtu aiokote na kuifikisha kiwandani.

Jirani zetu nao wamo. Mwaka 2024 taasisi ya icipe ya Nairobi ilitangaza kwamba mabuu wa mbawakavu fulani wa Kenya hula plastiki ya povu jeupe, ile inayofungia televisheni, na huila vizuri zaidi ikichanganywa na pumba. Bakteria wa matumboni mwao wanasaidia kazi hiyo.

Kiriba bado hakijapata mlaji wa kutegemewa. Jua hukipasua vipande vidogo visivyookoteka, kwa hiyo siku ya kupanda mche ndiyo siku ya kukitoa shambani, kingali kizima.