Shule za Kati za Misheni: Siku ya Mwanafunzi na Kazi ya Mwalimu Wake

Mzee yeyote wa Masasi, wa Songea au wa Mahenge aliyekuwa mwanafunzi katika miaka ya 1950, akiulizwa alisoma wapi, aghalabu hataji wilaya wala mji, bali hutaja misheni: Ndanda, Peramiho, Kwiro. Jina hilo moja lilikusanya kanisa, shule, hospitali, karakana na mashamba, na kijana wa miaka 12 au 14 aliyepelekwa huko kuanza darasa la 5 alikuwa haendi shuleni tu, bali anahamia katika makazi yenye sheria zake, saa zake na kazi zake, ambamo angekaa miaka 4 akiwaona wazazi wake nyakati za likizo tu.

Kwanza na tueleze shule yenyewe ilikuwa ni shule gani, maana utaratibu huo umekwisha kuondoka na vijana wa leo hawaujui. Kwa mujibu wa mpango wa miaka 10 ambao serikali ya Kiingereza iliuandaa kwa elimu ya Waafrika wa Tanganyika, wa mwaka 1947 hadi 1956, mtoto alisoma darasa la 1 hadi la 4 karibu na kwao, kwa Kiswahili, kisha akakabiliwa na mtihani ambao wengi walikomea hapo. Wachache waliofaulu ndio walioingia shule ya kati, yaani darasa la 5 hadi la 8, ambayo mara nyingi ilikuwa ya bweni, kwa kuwa shule za namna hiyo zilikuwa adimu na mwendo wa kuzifikia ulikuwa mrefu kupita uwezo wa mtoto kwenda na kurudi kila siku. Humo Kiingereza kilianza kusomwa kwa dhati, na taratibu kikawa ndiyo lugha ya kufundishia masomo mengine; na mwisho wake ulikuwa mtihani wa darasa la 8, uliopambanua nani aendelee Pugu, Tabora, Ihungo au Umbwe, nani aingie chuo cha ualimu au seminari, na nani arudi kwao na cheti chake mkononi akatafute ukarani.

Misheni haikuziendesha shule hizi kwa nguvu zake pekee. Tangu katikati ya miaka ya 1920 serikali ilikuwa ikiyapa mashirika ya dini ruzuku kwa kila shule iliyotimiza masharti, na pamoja na ruzuku hiyo wakaja wakaguzi, mtaala na mitihani ya serikali. Nao upande wa Kanisa ulikuwa umekwisha kata shauri, kwani mwaka 1928 Askofu Arthur Hinsley, mjumbe wa Papa aliyetumwa kuzizuru misheni za Afrika, alipokutana na maaskofu mjini Dar es Salaam aliwahimiza waitangulize shule hata pale ambapo nguvu zao hazitoshi kulihudumia kanisa na shule kwa pamoja. Agizo hilo si dogo, na athari zake zilienea nchi nzima.

Huko Ndanda na Peramiho waliozisimamia shule hizi walikuwa watawa Wabenedikto wa St. Ottilien, kutoka Ujerumani, walioanzisha Peramiho mwaka 1898, na Ndanda mwaka 1906, baada ya Vita vya Maji Maji kuyateketeza makao yao ya Nyangao na wao kumpoteza Askofu wao, Cassian Spiss, aliyeuawa mwaka 1905. Nataja utawa wao kwa makusudi. Kanuni ya Mtakatifu Benedikto, iliyoandikwa Italia katika karne ya 6, inaigawa siku ya mtawa baina ya sala, kusoma na kazi za mikono, ikihesabu uvivu kuwa ni adui wa roho. Na mtu akiitazama ratiba ya mwanafunzi wa shule ya kati, ataona dhahiri kwamba ni ratiba ya monasteri iliyopunguzwa ukali ili mtoto aweze kuistahimili.

Kengele, ambayo penginepo ilikuwa kipande cha chuma cha reli kilichotundikwa mtini, ililia kabla ya mapambazuko. Vijana waliamka, wakatandika mikeka na mablanketi yao, wakanawa kwa maji ya baridi, wakaelekea kanisani kusikiliza Misa, ambayo siku hizo ilisomwa kwa Kilatini; na wale waliochaguliwa kutumikia altareni waliyahifadhi majibu yote kwa moyo kabla hawajaweza kueleza maana yake, kama vile mtoto wa pwani katika chuo chake anavyohifadhi sura za Kurani kabla hajajua tafsiri. Baada ya Misa zilifuata zamu za usafi chini ya jicho la kiranja, kisha uji, kisha paredi, ambapo kucha, nywele na kaptura zilikaguliwa kwa makini. Masomo yalichukua asubuhi yote: hesabu, Kiingereza, Kiswahili, jiografia, historia, elimu ya viumbe na dini. Adhuhuri kengele ilipolia kwa sala ya Malaika wa Bwana, kila mmoja alisimama pale alipo akasali, na ndipo wakaenda kula ugali wa mahindi, wa mtama au wa muhogo kwa mbaazi au maharage, chakula ambacho hakikuwa na anasa yoyote, na ambacho katika miezi ya njaa kilipungua.

Alasiri ilikuwa ya jembe. Shule ya kati ilikusudiwa na serikali iwe na mwelekeo wa kilimo, kila shule na shamba lake na mifugo yake, na huko misheni wanafunzi walijifunza pia kutoka kwa mabruda, ambao walikuwa mafundi hodari wa useremala, uashi na uhunzi. Jioni kulikuwa na kandanda, kisha rozari, kisha masomo ya usiku kwa mwanga wa karabai au kandili, na baada ya hapo ukimya ambao kuuvunja kulileta adhabu. Na adhabu zilikuwapo, wala haifai kuzificha: fimbo ilitumika, pengine kwa kosa la kweli na pengine kwa kosa la kutojua tu, na siamini kwamba lolote jema lililopatikana katika shule hizo lilitokana na fimbo.

Kuhusu jembe, wazazi wengi hawakuridhika. Mzazi aliyeuza korosho au karanga zake ili kulipa ada alitaka mwanawe apate elimu ya kitabu, ile iliyomfanya mtu kuwa karani au mganga wa hospitali, na alipoambiwa kwamba mtoto analima aliona kuwa amerudishiwa kile alichokuwa nacho nyumbani, tena aliingiwa na shaka kuwa mkoloni anamtaka Mwafrika abaki mkulima milele. Shaka hiyo ilikuwa na msingi. Lakini hata baada ya uhuru jembe halikuondoka: Julius Nyerere, ambaye mwenyewe alikuwa amefundisha katika shule za Kikatoliki za St. Mary's Tabora na Pugu, alipotoa sera ya Elimu ya Kujitegemea mwaka 1967 aliitaka kila shule iwe na shamba lake. Tofauti ni kwamba sasa kazi hiyo iliagizwa na taifa huru kwa ajili ya watu wake, na jembe ambalo lilionekana kuwa ni hila ya mtawala likapewa heshima nyingine. Hata hivyo, mkono wa mtoto uliolishika ni ule ule, na swali la ni saa ngapi za masomo zinazoweza kutolewa kwa shamba halikuondoka.

Bweni nalo lilifundisha. Huko Ndanda walikutana Wamakua, Wayao, Wamakonde na Wamwera, ambao mabibi zao wasingaliweza kusalimiana bila mkalimani, wakalala safu moja, wakagawana zamu moja ya kuni na maji, wakasemezana kwa Kiswahili mpaka kikawa ndiyo lugha ya mzaha wao na ya ugomvi wao. Benjamin Mkapa, aliyezaliwa Lupaso mwaka 1938 na kuliongoza taifa tangu 1995 hadi 2005, alipitia Ndanda kabla ya kwenda Pugu, na wako wengine wengi wasiojulikana waliotoka humo kuwa walimu, wauguzi, mahakimu na makatibu wa vyama vya ushirika.

Lakini wako ambao hawakuingia kamwe. Kusini na pwani Waislamu ni wengi, na mzazi Mwislamu alipotazama shule ambayo siku yake inaanza kwa Misa na kumalizika kwa rozari, alihofia, na alikuwa na haki ya kuhofia, kwamba mwanawe atarudi na dini nyingine na jina jingine. Hivyo wengi wakawazuia watoto wao, na kwa kuwa misheni ndiyo iliyokuwa na shule, kizazi kizima cha watoto wenye akili kilikosa nafasi bila kosa lolote. Dhuluma hiyo ilikuwa miongoni mwa mambo yaliyoifanya serikali, kwa Sheria ya Elimu ya mwaka 1969, kuzichukua shule za mashirika na kuzifungulia watoto wa dini zote, isipokuwa seminari. Naona uamuzi huo ulikuwa wa haki. Darasa la 8 nalo lilifutwa katika miaka hiyo hiyo, elimu ya msingi ikawa ya miaka 7, na shule ya kati ikatoweka katika utaratibu wa nchi.

Jambo moja limesemwa kidogo mno. Vitabu vya misheni vinawataja maaskofu, maabati na mapadri kwa majina na picha, na wanastahili. Lakini aliyesimama ubaoni kila asubuhi, akasahihisha madaftari usiku na kumfundisha mtoto wa Kimakua sentensi yake ya kwanza ya Kiingereza, aghalabu alikuwa mwalimu Mwafrika, aliyesomea ualimu katika vyuo hivyo hivyo vya misheni, akaishi na aila yake katika nyumba ndogo kando ya shule kwa mshahara ambao haukulingana na kazi yake. Padri aliposalimisha funguo za ofisi kwa serikali, mwalimu huyo mara nyingi ndiye aliyebaki darasani akiendelea na somo. Wanafunzi wake wa miaka ya 1950 walio hai sasa wamekaribia miaka 80 au wameivuka. Wajukuu wawaulize walimu wao waliitwa nani, walitoka kijiji gani na walifundisha somo gani, na majibu wayaandike mwaka huu huu, kwa maana majina mengi kati ya hayo hayamo katika kitabu chochote.